Daktari akikuandikia ugonjwa usio wako kwenye dai la VA

Nilikuwa dereva wa malori katika jeshi la Marekani. Mgongo uliniharibikia kazini, na nilipodai fidia ya ulemavu kwa VA, yaani Idara ya Maveterani ya Marekani, daktari mmoja niliyepelekwa kwake alinipima harakaharaka akaandika "mkazo wa misuli ya kiuno". Nilimwambia mara mbili kwamba mguu wa kushoto unakufa ganzi hadi kisiginoni. Hakuuandika. Barua ya uamuzi niliisomea nyumbani Kinyerezi: mgongo asilimia 20, mguu hola. Nyinyi mliokwenda kwa green card, mkavaa gwanda lile na sasa mmerudi nyumbani, hivi ndivyo nilivyolirekebisha kosa hilo.

Kwanza, iache barua kando. Barua ni muhtasari. Kosa limelala kwenye ripoti ya daktari. Iombe VA ikupe nakala ya jalada lako kwa fomu 20-10206, kisha isome ripoti mstari kwa mstari ukiwa na kalamu nyekundu. Mimi nilikuta sehemu inayouliza kama maumivu yanashuka mguuni imejazwa "hapana".

Halafu jiulize: hilo jina baya limekunyima nini hasa? Hapa wengi tunapoteza nguvu bure. VA hailipi jina la ugonjwa, inalipa kile ambacho mwili umeshindwa. Kwenye jedwali lao la viwango, mkazo wa kiuno una namba 5237, na diski iliyoharibika ina 5243, lakini kwa kawaida vyote viwili hupimwa kwa kipimo kilekile cha kuinama: ukiishia kati ya digrii 30 na 60 ni asilimia 20, ukiishia 30 au chini ni 40. Kwa hiyo kubadilisha jina peke yake kusingeniongezea hata senti. Nilichonyimwa ni mguu. Neva ya siatiki, ile inayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, ina namba yake, 8520, na hulipwa peke yake: asilimia 10 ikiwa tatizo ni dogo, 20 likiwa la wastani, na inapanda hadi 80 neva ikiwa imekufa kabisa. Jina "mkazo wa misuli" lilikuwa limeifunika neva, na hilo ndilo la kupigania.

Kwa magonjwa ya akili ni hivyohivyo. Karibu yote yanapimwa kwa jedwali moja, kwa hiyo ukiandikiwa wasiwasi badala ya kiwewe cha vita, asilimia haipungui kwa sababu ya jina. Na kama ulidai kiwewe halafu daktari akakuta sonona, VA haipaswi kulifuta dai kwa sababu hiyo tu. Mahakama ilishaamua mwaka 2009, katika kesi ya Clemons, kwamba mgonjwa anadai dalili zake, hatakiwi kujua jina la kitaalamu. Nashukuru sana kwa hukumu ile.

Baada ya hapo chagua njia, na usibahatishe. Kama kosa linaonekana ndani ya ripoti yenyewe, mfano vipimo vinaonyesha mguu hauitikii nyundo ya daktari lakini hitimisho halitaji neva, peleka fomu 20-0996 faili lipitiwe na ofisa wa ngazi ya juu. Huruhusiwi kuongeza ushahidi mpya, ila unaweza kuomba uongee naye kwa simu. Mtajie kanuni ya VA namba 4.2: utambuzi usioendana na vipimo, ripoti irudishwe kwa daktari. Kama unahitaji kipimo kipya, kama mimi, njia ni dai la nyongeza, fomu 20-0995. Ipo pia rufaa kwa Bodi ya Rufaa za Maveterani, fomu 10182, ila ni safari ndefu.

Zote hizi zina mwaka mmoja ukitaka kulinda tarehe ya dai lako la kwanza, na mwaka unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua. Siku uliyofungua sanduku lako la posta haihusiki. Ndiyo maana nasisitiza: fungua akaunti kwenye tovuti ya VA usome barua humo. Na ukishapitwa na muda, usidanganywe kwamba utambuzi mpya utafufua uamuzi wa zamani kama "kosa la wazi". Kanuni zao wenyewe zinasema daktari mpya kumsahihisha wa zamani si kosa la aina hiyo.

Ushahidi niliutafuta hapahapa Dar. Nilipiga picha ya MRI MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, ikaonyesha diski ya chini kabisa imetoka na kuibana neva. Picha peke yake haitoshi. Nilimpa daktari wa mifupa kumbukumbu zangu za matibabu ya jeshini azisome, nikamwomba aandike mambo matatu: ugonjwa ni nini, kwa nini si mkazo wa misuli tu, na kwamba uwezekano wa kutokana na kazi ya jeshi ni asilimia 50 au zaidi, pamoja na sababu zake. Daktari asipotoa sababu, barua yake haina uzito.

Mke wangu naye alitoa maelezo kwa fomu 21-10210. Mwanzo tuliandika kwamba nikisimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nikifika Manzese mguu haupo tena. Kweli tupu, ila msomaji wa Marekani Manzese ataijulia wapi? Tukabadilisha: akisimama dakika 20 anapoteza hisia za mguu, ameanguka ngazini mara mbili, usiku haamki kwenda msalani bila kushika ukuta. Aliandika kwa Kiswahili, tukaambatanisha tafsiri ya Kiingereza.

Atakayekuomba hela ili akujazie dai la kwanza, mkatae. Wawakilishi wa vyama vya maveterani waliosajiliwa na VA hawatozi chochote.

Mimi niliongezewa asilimia 20 ya mguu. Usijumlishe kama nyanya za Kariakoo: 20 ya pili inakatwa kwenye 80 iliyobaki, ni 16, jumla inakuwa 36, wao wanaipeleka 40. Na kwa sababu nilipeleka fomu miezi kumi baada ya barua, malipo yalihesabiwa kuanzia tarehe ya dai la kwanza.