Kuishi na Starlet ya otomatiki kwenye miteremko ya Rungwe

Nianze na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Mwaka niliponunua Toyota Starlet hii, toleo la EP91 la 1997, nilikuwa bibi shamba wilayani Rungwe. Siku hiyo natoka Uyole na viroba vinne vya viazi mbegu vya shamba darasa, vimejaa siti ya nyuma. Nikapanda Igawilo, nikapita Isyonje, nikafika Isongole najiona mshindi. Mkono wa gia niliuweka D tangu Uyole na sikuugusa tena. Niliambiwa gari la otomatiki ni kukanyaga na kuachia tu. Nikaanza kushuka kuelekea Kiwira, mguu umelala juu ya breki. Kona ya tatu nikasikia harufu ya kuungua. Ya nne, pedali ikalegea kama nakanyaga ndizi mbivu. Ya tano ikaenda hadi chini, na gari halikujali.

Kwa hofu nikaushika mkono wa gia nikauvuta nyuma. Ukaingia 2. Injini ikanguruma kama mashine ya kusaga, gari likashikika. Nikavuta L, nikaongeza hendibreki kidogo kidogo, nikalilaza gari kwenye majani pembeni. Mzee mmoja mwenye mzigo wa kuni akasimama akaangalia. "Ugonile, mama. Magurudumu yako yanatoa moshi." Nikamjibu kwamba najua, mzee. Sikujua.

Sasa nimestaafu, macho yangu ya usiku si yale ya zamani, na gari nampa mtoto wa kaka yangu aliyepangiwa kazi Tukuyu. Yeye amezoea bodaboda. Haya nimemwandikia yeye, ila yeyote mwenye kigari cha aina hii huku kwetu, awe Mbeya, Njombe au Makete, ayachukue.

Kwanza kijue kinachokubeba. Starlet za umbo hili zilitoka hadi 1999, kisha Vitz ikashika nafasi yake. Injini ni 4E-FE, petroli, sisi 1,331, na kwenye karatasi ina nguvu ya farasi 85. Farasi hao wamehesabiwa usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 100 hewa inapungua, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia moja ya nguvu. Juu ya Isongole umeshavuka mita 2,000, kwa hiyo unabaki na farasi wasiofika 70. Gari likiwa zito pale usikimbilie kununua plagi mpya. Uzuri wa EFI, yaani mfumo wa kompyuta unaopulizia petroli kwenye injini, ni kwamba inapunguza petroli kadiri hewa inavyopungua, ndiyo maana huoni moshi mweusi kama wa zile za kabureta.

Giaboksi yangu ni ya gia tatu: P ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ya huru, D ya kwenda, 2 isiyozidi gia ya pili, L ya gia ya chini kabisa. Kama yako ina kitufe cha O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa) kwenye mkono wa gia, hiyo ni ya gia nne, na kukizima kitufe hicho ndiyo hatua yako ya kwanza kabla ya kufika 2.

Haya, mteremko. Kabla haujaanza, na si ukiwa katikati yake, toa mguu kwenye mafuta, gusa breki mpaka mshale ushuke chini ya 60, ndipo uvute 2. Ukiwa kwenye 2 giaboksi haipandi gia ya tatu hata injini ilie vipi. Kelele hiyo isikutishe. Ndiyo injini inavyokushikia gari. Kwenye zile kona kali za kushukia Kiwira mimi huingia L nikiwa 30 au chini ya hapo. Ukiivuta L ukiwa 70 unairushia injini mzigo mkubwa, na tairi za mbele zinaweza kuteleza, hasa kwenye mvua ya Tukuyu ambayo haijui kupumzika. Breki zibaki na kazi ya kukata mwendo: kanyaga kwa nguvu ya kutosha, sekunde chache, achia zipoe. Mguu unaolala juu ya pedali ndio unaounguza.

Kilichonikuta siku ile ni mafuta ya breki kuchemka. DOT 3 mpya inatakiwa istahimili nyuzi 205 bila kuchemka. Ikishanyonya maji kutoka hewani, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. Mafuta hayabonyei, mvuke unabonyea, ndiyo ile ndizi mbivu chini ya mguu. Na hewa ya Rungwe ina maji kuliko mahali pengi. Yale ya gari langu fundi aliyatoa yamekuwa kama chai ya rangi. Tangu hapo nayabadilisha kila miaka miwili, na hapo tu ndipo sibishani bei.

Kuna wanaoshuka na N ili kuokoa mafuta. Wengine wanazima injini kabisa. Mwanangu, nikisikia unafanya hivyo nakunyang'anya funguo. Breki zako zinasaidiwa na injini inavyovuta hewa. Ukiizima, unakanyaga mara mbili tatu msaada umekwisha, pedali inakuwa jiwe. Pampu inayosukuma oili ndani ya giaboksi nayo inazungushwa na injini, kwa hiyo unashuka huku vyuma vinasagana vikavu. Na hiyo petroli yenyewe huiokoi: ukiwa kwenye gia, umeachia mafuta na injini inazunguka kwa kasi, EFI inakata petroli. Ukiwa N inabidi injini inywe ili isizime.

Pampu hiyo hiyo ndiyo sababu gari la otomatiki halivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, labda mita chache kulitoa barabarani. Na wala halisukumwi likawaka. Hilo nililijifunza Isyonje, asubuhi ya Julai, betri imezidiwa na baridi. Vijana wanne walinisukuma mpaka jasho likawatoka, baridi yote ile, na mimi ndani nawahimiza. Nikawalipa kwa kazi isiyowezekana. Nyaya za kubustia betri ziko chini ya siti ya kushoto, usiziazimishe.

Asubuhi za Juni na Julai injini ikiwaka inazunguka juu kidogo ili ipate joto. Ukiingiza R hapohapo gari linaruka kama limepigwa teke. Subiri mpaka mlio ushuke. Funga mkanda, futa kioo, salimia majirani, ndipo uondoke.

Kupanda nako kuna adabu yake. Ukiiacha D nyuma ya lori, giaboksi inahangaika: inapanda gia ya tatu, inashindwa, inarudi ya pili, inapanda tena. Kuhangaika huko ndiko kunakochemsha oili. Weka 2 utulie nyuma ya lori hilo. Kulipita kwa farasi 70 kwenye kona usiyoiona mwisho wake, huo si udereva. Ukienda Dar, Kitonga, ule mlima wa Iringa, utaishuka. Ni wakati wa kurudi ndipo utaipanda na kuijutia, kwa hiyo kabla ya kuianza simama kidogo Ruaha Mbuyuni, gari lipumue, nawe ununue vitunguu. Zima eisii. Mshale wa joto ukianza kupanda, fungua hita hadi mwisho na vioo vyote ushushe. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili.

Sasa oili ya giaboksi, ile nyekundu, ATF. Hapa ndipo gari hizi zinapouawa, na mara nyingi kwa upole. Fundi wa kwanza aliniambia haibadilishwi. Wa pili akanipimia injini imezimwa, akaona haitoshi, akajaza hadi ikawa nyingi, ikatoa povu, gari likawa linateleza kwenye gia. Kuipima ni hivi: endesha kwanza kama robo saa ipate moto. Egesha pa tambarare, hendibreki juu, injini ikiwa inawaka. Mguu ukiwa kwenye breki, pitisha mkono wa gia kote, kutoka P hadi L na kurudi P, ukitulia kidogo kila hatua. Bila kuzima injini, chomoa kijiti cha giaboksi (si kile cha injini, usinicheke, wapo wanaokosea), kifute kwa kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe ndani ya alama palipoandikwa HOT. Kisha tazama kitambaa. Nyekundu kama juisi ya rosela ni sawa. Kahawia yenye harufu ya kuungua, umechelewa, lakini bado kuna la kufanya. Ya pinki iliyochafuka kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Zima, usiende nalo popote.

Wakati wa kubadilisha, oili iliyotoka uipime kwenye chupa na urudishe kiasi hichohicho, kisha upime kwa kijiti kama nilivyosema. Inayotoka ni sehemu tu. Nyingine inabaki ndani ya toki konveta, lile dude la duara linalounganisha injini na giaboksi. Kwa hiyo mimi hubadilisha mara mbili, nikiliendesha gari wiki chache katikati. Aina ni Dexron tu, basi. Muulize pia fundi aangalie upande wa difu, maana kwenye baadhi ya giaboksi za Toyota za gia tatu difu ina oili yake na tundu lake, na wengi huisahau hadi ikaanza kulia.

Rejeta usiidharau kwa sababu ya baridi. Juu kule Isongole maji kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi kama 93, na injini inapenda kufanya kazi karibu na hapo. Kinachozuia yasichemke ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta pamoja na kulanti. Mfuniko uliochoka raba, gari linachemsha Isongole wakati Kyela, kwenye joto, lilikuwa salama. Nilibadilisha rejeta nzima kabla hatujashtukia mfuniko. Na fundi akitaka kuitoa themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, kataa. Huo ni ushauri wa Dar. Huku injini haitafika joto lake na utaona itakavyokunywea petroli.

Kuna mkanda wa taimingi pia. Kila kilomita 100,000, na kwa kuwa dashibodi za magari yaliyotumika zinaweza kudanganya, ukinunua tu na huoni stika ya kubadilishwa kwake kwenye injini, badilisha.

Ukiegesha mlimani: mguu kwenye breki, mkono wa gia N, vuta hendibreki, achia mguu taratibu uhakikishe gari limelala kwenye hendibreki, ndipo uweke P. Ukiweka P kwanza, uzito wote unaning'inia kwenye kijino kimoja ndani ya giaboksi, na kukitoa asubuhi utasikia kwaa! Kisha chukua jiwe lililofungwa kitenge ndani ya buti, liweke nyuma ya tairi, au mbele kama gari linatazama chini. Ukiondoka liokote. Pale Isongole watu wanayaacha mawe yao, na ukungu ukishuka anayefuata halioni mpaka amelipanda. Hilo lenyewe nililikuta katikati ya lami.