Saketi ya fotodaiodi isiyo na kelele, kwa sie tunaofanyia kazi kando ya bahari

Mtu akitaka kupima mwanga hafifu, tuseme ule wekundu wa nanomita 685 hivi unaotoka kwenye klorofili (ule ukijani wa mimea ya majini) ukiyamulika maji ya Chwaka, Unguja, kwa taa ya buluu, kitu cha mwanzo anakimbilia opampu (chipu ya kukuza umeme mdogo) ya bei mbaya. Usianzie huko bwana, anzia rezista.

Fotodaiodi ikipigwa na mwanga inatoa mkondo, opampu na rezista yake ya kurudishia ndo zinaugeuza kuwa volti. Ukiizidisha rezista mara 10, signali inapanda mara 10 lakini kelele ya joto, yaani ule mtikisiko wa volti usio na mpango unaotoka kwenye rezista yenyewe, inapanda mara 3 na kidogo tu. Ikifika mwanga wako unatoa kama milivolti 52 hivi basi inatosha, kelele ya mwanga wenyewe ishaipita ya rezista na hiyo huiondoshi. Kwa nanoampia 1 ni kama megaomu 50. Sambamba nayo tia kapasita ya pikofaradi 1, isije saketi ikapiga mluzi (ikatetema yenyewe), ila kasi itaishia kilohezi 3, mwanga unaobadilika haraka kuliko hapo hutouona vizuri.

Sasa kazi yenyewe huku visiwani ni unyevu. Hewa ina chumvi, masika ndo usiseme, na ubao wenye mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) unapitisha umeme juu kwa juu, volti 5 ikipita kwenye gigaomu 10 za uchafu ni nanoampia 0.5, yaani nusu ya signali yako ni uongo mtupu na kila hewa ikibadilika nao unabadilika. Ukimaliza kulehemu osha kwa isopropili na brashi, kausha, usishike tena na vidole vya jasho (wala vya urojo!). Mguu wa opampu unaopokea mkondo unyanyue, ulehemu hewani na daiodi na rezista, usiguse ubao kabisa. Kisha funga vyote kwenye kopo la bati la maziwa ya unga lililoungwa na graundi, tia na vile vifuko vya silika vinavyokuja na viatu, ila vikaushe kwanza maana vya zamani vishashiba maji.

Umeme tumia betri, chaja ya simu hapana. Taa ya buluu iwashe na kuzima kwa hezi 370 hivi, mbali na 50 na 100 za umeme wa nyumbani, halafu toa kipimo cha taa ikizimwa kwenye kipimo cha taa ikiwashwa.

Kujaribu, iwache daiodi ndani ya giza, fungua kopo upande wa ubao na upulizie pumzi. Volti ikitembea, rudi ukaoshe.