Namna ya Kusoma Matokeo ya Mtihani wa Taifa ya Shule ya Umma
Kabla ya kuisifu au kuilaumu shule ya sekondari ya umma kwa wastani wake, uliza kwanza ni wanafunzi wangapi waliosajiliwa na wangapi waliofanya mtihani, kwa maana shule inayowazuia walio dhaifu hupandisha wastani bila kumfundisha mtu yeyote. Kisha tazama idadi: penye watahiniwa 20, akifeli mmoja tu, ufaulu hushuka kutoka asilimia 100 hadi 95, penye 400, hushuka hadi 99.75. Shule ndogo, basi, ipimwe kwa miaka kadhaa. Hatimaye linganisha alama walizoingia nazo wanafunzi hao hao na walizomaliza nazo. Hapo ndipo kazi ya mwalimu huonekana, ingawa magazeti hupendelea orodha ya shule bora.