Mashine ya gemu kwa zawadi ya Krismasi: namna ya kuichagua Nairobi

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue kuuliza bei, pata majibu ya maswali mawili: mtoto atacheza na nani, na gemu zitaingiaje nyumbani kwenu? Wazazi wengi huanza na nguvu za mashine na maneno makubwa yaliyoandikwa kwenye boksi. Hayo yana nafasi yake, lakini siyo yanayoamua kama mashine itakuwa bado inachezwa shule zikifungwa tena Aprili.

Swali la kwanza lina jibu rahisi. Muulize bila kumgutusha: “Siku hizi mnachezea kwa kina nani, na wana PS gani?” Watoto wengi wa mjini wamejifunzia gemu kwenye vibanda vya mtaani. Huko PlayStation ndiyo imetawala, na gemu yenyewe ni mpira, ule ambao watu bado wanauita FIFA ingawa tangu 2023 unauzwa kwa jina EA Sports FC. Akiwa na mashine ya aina moja na binamu na majirani, ataazima CD, atabeba padi yake, kile kidhibiti cha mkononi, aende kwao, nao watakuja kwake na za kwao. Ukimletea aina nyingine kwa sababu ilikuwa na ofa, CD za rafiki zake wote hazitamfaa.

Swali la pili ndilo zito. Gemu kubwa za siku hizi hufika GB 50 na kupita, na nyingine huvuka 100. Kwa intaneti ya Mbps 10, GB 50 huchukua saa kama 11 bila kukatika, na nyumbani mkiwa watu wanne mnaotazama video, hesabu usiku na mchana. Kwa bando la simu, hilo lisahau. Ndiyo maana kwa nyumba nyingi za Nairobi ushauri wetu ni mmoja: nunua mashine yenye tundu la CD. CD iliyotumika ni nafuu kuliko mpya, na mtoto akiichoka unairudisha dukani, unaongeza kitu kidogo, unachukua nyingine. Gemu iliyopakuliwa haiuziki wala haibadilishwi. Ila jua kwamba CD pia hudai nafasi: mashine hunakili gemu kwenye hifadhi yake, kisha hutaka CD ibaki ndani ndipo icheze. Na mara nyingi itaomba masasisho ya mtandaoni hata kama CD ni mpya.

Sasa mashine zenyewe. PS5 ilitoka Novemba 2020 ikiwa na hifadhi ya GB 825, ambayo inayobaki kwa gemu ni kama 667. Toleo jembamba la mwishoni mwa 2023 lina TB 1. Yote mawili yapo ya aina mbili, yenye CD na isiyo na CD, na hapa ndipo watu huumia, kwa sababu maboksi yanafanana na bei ya isiyo na CD inavutia. Ile ya 2020 isiyo na CD haiwezi kuongezewa kamwe. Ile nyembamba inaongezewa mtambo wa CD unaouzwa kando, lakini mtambo huo lazima usajiliwe kwa intaneti mara moja kabla haujasoma chochote. PS5 Pro ya 2024 ina TB 2 na haina CD. Kama TV yenu ni ya inchi 32 isiyo ya 4K, pesa ya ziada utakayoilipia Pro haitaonekana kwenye kioo.

PS4 bado ni zawadi ya maana kwa mwenye bajeti ndogo. FC 26 imetoka kwa PS4 pia, na CD zake zimejaa mjini. CD hizo, isipokuwa chache sana, zitachezeka kwenye PS5 yenye CD siku mtakapopanda. Ukomo wake ni gemu mpya kubwa: GTA VI, kwa mfano, imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series X na S peke yake. Kama ndiyo mtoto anayoizungumzia kila siku, PS4 itamkata.

Xbox Series S ni ndogo, haipigi kelele, na haina CD kabisa. Kati ya GB 512 za toleo lake la kawaida, unabaki na kama 364, yaani gemu kubwa nne au tano hivi. Inafaa nyumba yenye fiber ya kuaminika. Nintendo Switch ni ya watoto wadogo na ya safari, maana ina kioo chake na betri yake.

Kuna vijiti vidogo vya HDMI vinavyouzwa kwa ahadi ya gemu elfu kumi. Ni gemu za zamani sana, nyingi zikirudiwa kwa majina tofauti. Kwa mtoto wa miaka sita ni sawa. Kwa kijana aliyeomba PS, usithubutu.

Mitego miwili ya bei rahisi inahitaji maelezo zaidi. Wa kwanza ni PS4 iliyochakachuliwa, inayouzwa na gemu thelathini ndani. Uchakachuaji huo hutegemea toleo fulani la programu ya mashine. Mtoto akikubali kusasisha, basi umekwisha. Akiingia mtandaoni nayo, inaweza kufungiwa. Tena haudumu mashine ikizimika: kila stima inapopotea, ni kuurudia upya kabla gemu hazijafunguka. Kwa mitaa yenye stima ya kukatika-katika, hiyo ni kero ya kila wiki. Wa pili ni mashine za Japani. Nintendo na Sony zote zimetoa matoleo ya bei nafuu kwa soko la Japani yanayotumia Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kubadilisha lugha. Ukiona Switch 2 au PS5 isiyo na CD kwa bei ya chini kupita kiasi, washa kwanza, ufungue orodha ya lugha.

Ukinunua iliyotumika, ile wanayoiita ex-UK, usilipe kabla ya kuipima mwenyewe. Nenda asubuhi siku ya kazi. Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi hakuna muuzaji atakayekuachia TV kwa nusu saa. Beba CD yako unayojua ni nzima. Anza na nambari ya mashine iliyo nyuma na uilinganishe na ile inayoonekana kwenye mipangilio. Zikitofautiana, ganda limebadilishwa. Tikisa waya wa HDMI taratibu ukiwa umechomekwa. Picha ikikatika, tundu limelegea, na kulibadilisha ni kazi ya fundi mwenye mkono mzuri. Kisha weka CD ucheze mechi nzima, siyo menyu tu, angalau dakika 20. Feni ikianza kunguruma na mashine ikatoa onyo la joto, ndani kuna vumbi au pesti ya kupoza imekauka. Hilo linarekebishika, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Lisilorekebishika kirahisi ni mashine isiyosoma CD. Mtambo wa CD wa PS4 na wa PS5 ya mwanzo umefungamanishwa na bodi ya mashine ile ile, hivyo ahadi ya “tutakuwekea nyingine” haitoshi.

Padi nayo iweke mezani bila kuigusa ukiwa ndani ya gemu. Mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimechakaa ndani na kitazidi. Bonyeza kila kitufe. Mwisho, ingia mtandaoni kwa hotspoti ya simu yako na ujaribu kufungua akaunti, kwa sababu mashine iliyofungiwa hukataa hata akaunti mpya. Muuzaji afute kila kitu mbele yako, arudishe mashine kama ilivyotoka kiwandani. Risiti iandikwe nambari ya mashine na muda wa waranti. Ukilipa kwa M-Pesa, lipa kwenye till ya duka lenyewe, siyo kwa nambari ya mtu binafsi.

Akaunti ndipo makosa ya kimyakimya hutokea. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, hivyo wengi huchagua Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Chagua kwa makini, kwa sababu nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye, na kadi ya kununulia gemu hufanya kazi katika nchi yake tu. Kadi ya dola haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Vilevile nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na eneo la CD yenyewe, na CD nyingi zinazotoka Uingereza zina alama ya umri ya PEGI. Ikiwa CD mtakazonunua zitakuwa za huko, akaunti ya huko huondoa usumbufu. Kucheza FC dhidi ya watu wa mbali kunahitaji usajili wa PS Plus wa kulipia. Fortnite na eFootball hazihitaji. Fungua akaunti yako ya mtu mzima kwanza, kisha ya mtoto chini yake, umwekee kikomo cha matumizi na cha saa. Na alama ya PEGI 18 ichukulie kwa uzito. Haikuwekwa pale kama pambo.

Stima: PS5 ikicheza gemu nzito hula kama wati 200, yaani uniti moja ya tokeni kwa kila saa tano, bila kuhesabu TV. Series S hula karibu wati 75. Switch ya kawaida ikiwa kwenye TV haifiki 20. Soma kibandiko cha nyuma uone kimeandikwa 100–240V. Kikisema volti 100 au 110 peke yake, usichomeke kwenye ukuta wa Kenya. Nunua pia kifaa cha kulinda TV dhidi ya stima, kwa sababu kinachoua mashine mara nyingi si stima kuondoka bali ni ile kurudi kwake kwa kishindo. Mfundishe mtoto kuzima kabisa, siyo kuiacha ikisinzia, maana stima ikikatika wakati mashine inaandika data, gemu alizohifadhi zinaweza kuharibika.

Usimalize pesa zote kwenye mashine. Tenga kama robo kwa padi ya pili, CD moja anayoitaka kweli, na kifaa hicho cha stima. Zawadi yenye padi moja huleta ugomvi Krismasi hiyo hiyo. Kumbuka padi ya PS4 hucheza gemu za PS4 tu hata ukiiunganisha na PS5, hivyo usiihesabu kama ya pili.

Usiku wa tarehe 23, watoto wakilala, fungua boksi. Washa, unganisha intaneti, sasisha programu, ingiza akaunti, weka CD iachwe inakili na ipakue masasisho yake, chaji padi zote mbili, kisha rudisha kila kitu kwenye boksi. Usipofanya hivyo, asubuhi ya Krismasi mtoto atatazama mstari wa asilimia badala ya mchezo.

Na kama mnakwenda ushago, ulizia TV ya huko mapema. Ya zamani ina matundu mekundu, meupe na ya manjano tu, bila HDMI. Utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, kile kinachopata nguvu kwa waya wa USB, na maandishi madogo ya gemu yatasomeka kwa shida. Toa CD kabla ya safari. Funga mashine kwa blanketi, uibebe mapajani, isiingie kwenye buti ya matatu chini ya magunia. Mkifika, iweke juu ya meza wala si sakafuni, maana vumbi la sakafu ndilo linalovutwa na feni. Na kama PS4 inawaka, mtu yeyote asiisogeze: diski yake ya hifadhi inazunguka ndani, na mtikisiko mmoja unaweza kuikwaruza.