Filamu za Kikorea za zamani, bure na zenye tafsiri

Ukiishi Seoul na Kikorea bado hakijakaa kichwani, usianzie kwenye majumba makubwa ya sinema. Filamu za Kikorea huko kwa kawaida huonyeshwa bila maandishi ya tafsiri. Anzia chaneli ya YouTube ya Korean Classic Film, inayoendeshwa na hifadhi ya filamu ya Korea, KOFA: filamu nzima, bure, zenye tafsiri ya Kiingereza. Maandishi yasipotokea, bonyeza kitufe cha CC. Tazama kwanza Hanyeo ya Kim Ki-young (1960), kisha Obaltan ya Yu Hyun-mok (1961). Hizo mbili zina uzito wa ajabu.

Kinachokwamisha wengi ni kutafuta. Jina moja la Kikorea huandikwa kwa herufi zetu kwa namna nyingi; Yu huweza kuwa Yoo au hata Ryu. Nakili jina la filamu kwa Hangul, yaani herufi za Kikorea, kisha ongeza mwaka. Mwaka usiuache, kwani kuna waongozaji wawili walioitwa Kim Ki-duk: mmoja wa miaka ya 1960, mwingine aliyeanza 1996.

KOFA pia ina ukumbi wake Sangam-dong, karibu na stesheni ya Digital Media City, na maonyesho ni bure. Kwenye ratiba tafuta neno 영어자막, yaani tafsiri ya Kiingereza ipo.