Namna ya kumwekea Mungu nadhiri binafsi, na la kufanya ikikulemea

Mimi ni katekista wa kigango. Swali ninaloletewa sana baada ya Misa, hasa Kwaresima ikikaribia, ni hili: "Katekista, nilimwahidi Mungu jambo na sasa limenishinda. Nifanyeje?" Wengi wanaouliza si wavivu wala si wakaidi. Tatizo lao lilianzia siku ya kuahidi: waliahidi kwa haraka, kwa maneno mapana, katikati ya machozi au furaha. Kanisa Katoliki lina sheria fupi na zenye huruma kuhusu nadhiri, Kanuni ya 1191 hadi ya 1198 katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1983. Hatua zifuatazo zimesimama juu ya hizo.

Hatua ya 1: Jiulize kama unataka nadhiri kweli

Ukisema moyoni "nataka nianze kusali rozari kila jioni", hilo ni kusudi jema tu. Ukiliacha, hujavunja ahadi yoyote. Nadhiri ni pale unapomwambia Mungu, kwa hiari na baada ya kufikiri, kwamba unajifunga. Kuanzia hapo una deni kwake, na kuivunja kwa makusudi ni dhambi. Iliyowekwa kwa hofu kubwa ya kutishwa isivyo haki, au kwa hila, ni batili.

Ushauri wangu: lifanye jambo hilo kama kusudi kwa miezi kadhaa kwanza. Usipoliweza bila kufungwa, usitegemee kwamba nadhiri itakupa nguvu.

Hatua ya 2: Ahidi kilicho chako

Sheria inataka jambo linaloahidiwa liwe jema, liwezekane, na liwe bora kuliko kutolifanya. Yeftha katika Waamuzi 11 aliahidi asichokijua: kumtolea Mungu chochote kitakachotoka mlangoni kumlaki, na aliyetoka alikuwa binti yake.

Kisha kuna Kanuni ya 1193, ambayo ningependa isomwe katika kila jumuiya ndogo ndogo: nadhiri humfunga aliyeiweka peke yake. Mama akisema, "Mwanangu akipona atakuwa padri," mtoto hafungwi na lolote. Mama anaweza kuahidi kuombea miito, au kumsaidia mwanawe iwapo mwenyewe ataomba kwenda seminari. Wito wenyewe si mali ya mama hata autoe. Vivyo hivyo baba asiahidi ng'ombe wa shukrani wakati fedha iliyopo ni ya ada, na mkewe hajaulizwa.

Hatua ya 3: Iandike neno kwa neno

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Chukua daftari. Tuseme umeandika hivi:

"Ee Mungu, nitafunga kila Ijumaa na nitakwenda Namugongo."

Sasa ihoji. Kufunga ni kuacha chakula chote, au mlo mmoja? Kila Ijumaa hadi lini, hadi kufa? Krismasi ya 2026 inaangukia Ijumaa: utafunga wakati nyumba nzima inakula pilau? Ukiugua, ukiwa mjamzito, ukiandikiwa dawa za kumeza na chakula? Na Namugongo, mahali pa hija huko Uganda, utakwenda kwa miguu au kwa basi? Lazima iwe Juni 3, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, au siku yoyote ya mwaka?

Baada ya kuhojiwa, nadhiri ileile inakuwa hivi:

"Ee Mungu, kwa shukrani ya kupona kwangu, nakuwekea nadhiri ya kuacha chakula cha mchana kila Ijumaa, kuanzia Ijumaa ya kwanza ya Julai hadi mwisho wa Desemba mwaka huu, isipokuwa siku za sherehe za Kanisa na siku za ugonjwa. Fedha ya chakula hicho nitampa mhitaji."

Hija nimeitoa makusudi. Mambo mawili katika nadhiri moja huzaa mashaka mawili. Anayetaka hija aiwekee nadhiri yake mwenyewe, na kama uwezo ni mdogo, Subukia kwa aliye Kenya au Pugu kwa aliye Dar es Salaam ni hija kamili.

Nadhiri ya sharti ("nikipata kazi, nita...") inaruhusiwa: katika Biblia Hana aliomba hivyo akampata Samweli. Sharti lisipotimia, hudaiwi.

Hatua ya 4: Mwoneshe paroko, kisha itamke

Dakika tano ofisini zinatosha. Baada ya hapo itamke mwenyewe mbele ya Ekaristi. Nadhiri ya hadhara ni ile inayopokewa na mkubwa halali kwa jina la Kanisa, kama ya watawa; yako ni binafsi, haihitaji mashahidi, sare wala keki.

Hatua ya 5: Iondoe, yaani itimize, bila kukawia

Mhubiri 5:4 inasema hivyo waziwazi. Ukisahau siku moja bila kukusudia, hujatenda dhambi. Je, ulipe? Kama siku ndiyo iliyobeba nadhiri, mfano mfungo wa Ijumaa, Ijumaa iliyopita imepita. Kama tarehe ilikuwa mwisho tu wa kutimiza, mfano "nitatoa sadaka kabla ya Pasaka", deni bado lipo hata Pasaka ikipita.

Hatua ya 6: Ikikulemea, fuata njia halali

Kwanza tazama kama imekwisha yenyewe: muda umeisha, lengo lake halipo tena, au jambo lenyewe limebadilika kabisa.

Pili, Kanuni ya 1197 inakuruhusu wewe mwenyewe kuibadilisha kwa jambo lililo sawa nalo au bora zaidi. Huhitaji ruhusa ya mtu.

Tatu, ukihitaji jambo jepesi zaidi au kufunguliwa kabisa, nenda kwa paroko. Kanuni ya 1196 inampa yeye na askofu mamlaka hayo kukiwa na sababu ya haki, hata kwa mgeni aliye parokiani kwa muda tu. Sema kwa ufupi: "Baba, niliweka nadhiri binafsi ya jambo fulani, tarehe fulani. Sasa nina kisukari na daktari amenikataza kufunga. Naomba unifungue au unibadilishie." Nenda na daftari lako. Katekista hana mamlaka hayo, wala mwenyekiti wa jumuiya, wala mhubiri wa redioni. Paroko msaidizi naye huyapata akikabidhiwa tu.

Angalizo: kufunguliwa hakugusi haki ya mtu mwingine. Kama uliahidi pia kwa yatima kwamba utamlipia ada, naye akapokea ahadi hiyo, yeye bado anakudai.

Hatua ya 7: Ifunge

Siku ya mwisho ikifika, andika tarehe chini ya yale maneno daftarini, toa shukrani, basi. Nadhiri haijiongezi muda. Ukipenda kuendelea kuacha chakula cha mchana Januari, endelea; Ijumaa utakayokula, hudaiwi kitu.