Kuitunza Peugeot 504 Visiwani: Kutu, Maji ya Rejeta na Oili ya Giaboksi

Peugeot 504 ilizinduliwa Paris mwaka 1968. Miezi michache baadaye, Machi 2, 1969, ndege ya abiria ya Concorde ikaruka kwa mara ya kwanza kule Toulouse. Ni kazi za zama moja, na zote mbili zina wapenzi wao mpaka leo. Concorde iliacha kubeba abiria mwaka 2003, sasa ni ya kutazamwa tu makumbusho. Pijo bado inafunguliwa kwa spana chini ya mwembe, na aliyenayo Unguja au Pemba asiiachie ikafa. Injini yake haisumbuliwi na umri. Kinachoimaliza huku ni chumvi: ya hewani inakula bodi, ya maji ya kisima inakula injini kwa ndani.

Anza na bodi. Injini utapata nyingine, lakini saluni ya 504 haina chesisi ya peke yake. Nguvu yake imo kwenye sakafu na vizingiti vya chini ya milango. Chukua bisibisi bapa, ingia chini ya gari, bonyeza vizingiti kwa urefu wake wote, kisha pembe za sakafu chini ya mazulia, matao ya magurudumu, na sehemu za juu zinaposhikia shokomzoba za mbele ndani ya boneti. Bati zima linagonga na kurudisha bisibisi, lililooza linapitisha. Pitisha na sumaku juu ya rangi. Pasiposhika pana puti (unga wa kuzibia bodi), na chini ya puti mara nyingi pana tundu.

Bati bovu likatwe lote mpaka lionekane jeupe, ndipo kiraka cha bati la milimita 1 kichomelewe kwa nukta fupifupi ili lisijikunje. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri na za altaneta. Kizingiti kikikatwa, gari iwe imeshikiliwa sawasawa chini na milango imefungwa, la sivyo bodi inalegea katikati na milango haitafunga tena. Puti juu ya kutu ni kupoteza pesa: inanyonya maji, na masika moja tu yanatosha kuibandua.

Bati likishakuwa safi na kupakwa rangi ya zinki, linda nafasi tupu za ndani ya milango na vizingiti. Oili mpya lita 4 na nusu kilo ya grisi, koroga ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, mbali na moto wenyewe, halafu puliza kwa bastola ya kompresa kupitia matundu yaliyopo. Oili chafu tunaikataa kabisa ingawa wengi huipaka: ina asidi na maji yake, na inalainisha mipira yote inayogusa. Hata hiyo mpya isifike kwenye breki wala kwenye ekzosi.

Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Kama gari ina dirisha la paa, pitisha waya wa breki ya baiskeli kwenye mipira ya kutolea maji ya pembeni, taratibu, usiichomoe. Mpira ukiziba, maji ya mvua yanashuka kwenye sakafu na kulala chini ya zulia, na hapo sakafu huoza bila mtu kujua. Ukitoka ufukweni Nungwi au Paje, osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa kitanda cha spea tairi kilichoning'inia nyuma.

Sasa injini. Ile ya lita 2 ina bloku ya chuma, hedi (kifuniko cha juu cha injini) ya alumini, na slivu (mirija ya chuma zinamopita pistoni) zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Maji ya kisima chenye chumvi yanatafuna alumini kuzunguka njia za maji, gasketi inakosa pa kukalia, na maji yanaingia kwenye oili. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando kama maziwa ya mgando, usiwashe tena. Mapovu ndani ya rejeta injini ikiwa inanguruma yanasema hayo hayo.

Weka kulenti (dawa ya kupozea injini) nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyosafishwa (si asidi), ubadilishe kila baada ya miaka miwili. Mfumo unachukua lita 8 hivi. Themostati, valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, ibaki mahali pake. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanapoza injini, lakini injini isiyofikia joto lake inakula petroli na kuchafua oili. Gari ikichemka mjini, tuseme kwenye foleni ya Darajani, na ikapoa ukiwa unakwenda, itazame feni kwanza: inashikwa kwa sumaku ya umeme, na kaboni yake ikiisha feni haishiki.

Hedi ikitolewa, usizungushe krenki (shafti kuu ya injini) mpaka slivu zimebanwa kwa vyuma na boliti. Slivu ikinyanyuka kidogo tu, mpira au karatasi ya chini yake inavuja, na utakuwa umerudisha hedi mpya juu ya injini inayopitisha maji kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Tapeti (nafasi za valvu) zipimwe injini ikiwa baridi: valvu za kuingiza 0.10 mm, za ekzosi 0.25 mm. Silinda namba 1 kwa hesabu ya Peugeot ni ile ya upande wa flaiwili, yaani nyuma kwenye klachi. Fundi aliyezoea Toyota huanzia mbele, akafunga waya za plagi kinyume, gari ikabaki kupiga risasi kwenye kabureta. Mpangilio wa kuwaka silinda ni 1-3-4-2. Oili ya injini ni lita 4, na 20W-50 inafaa kwa joto letu.

Giaboksi ndiyo inayoonewa zaidi. Inatumia oili ya injini, lita moja na kidogo, wala si oili nzito ya difu. Ukiijaza ile nzito, gia zinagoma kuingia asubuhi na shaba za ndani zinaliwa.

Vipuri vya kwanza kutafuta ni seti ya gasketi, kaboni za feni na mipira ya rejeta. Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo ulizia Mombasa na Nairobi kabla ya kuagiza Ulaya, na mpe muulizwaji namba ya injini, maana ya 1796 cc na ya 1971 cc hazitumii pistoni wala slivu moja.